Andiko la Mradi Linaanzia Kwenye Daftari la Kikundi, Siyo Steshenari

Siku hizi nikipita vijijini naulizwa kuhusu fedha za wafadhili kuliko ninavyoulizwa kuhusu viwavijeshi. Swali huwa ni lilelile: "Bwana shamba, huna mtu wa kutuandikia andiko?" Leo nalijibu hapa kwa wote, na najua jibu langu halitawafurahisha baadhi ya watu wanaoishi kwa kazi hiyo.

Kwa nini swali limeongezeka, naelewa. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika la USAID likaacha rasmi kazi ya kutoa misaada. Miradi mingi ya afya, lishe na kilimo ilitegemea mfuko ule, mingine moja kwa moja na mingine kwa kupitia mashirika ya kati. Sasa asasi kubwa za mjini na vikundi vidogo vya kijijini vinapiga hodi kwenye milango ileile michache. Pale palipokuwa na nafasi ya andiko la wastani kupita, leo hapana tena.

Katika ushindani huo amejitokeza mtu ambaye nyote mnamfahamu. Ana kompyuta ndogo, anajua Kiingereza, na anakuja kwenye kikundi na ahadi. Anataka fedha ya kuanzia, na akishinda anataka asilimia yake. Maoni yangu ni haya: kikundi kisinunue andiko. Kikodi mchapaji, kitafute mtafsiri, kiombe ushauri kwa afisa maendeleo ya jamii, yote sawa. Lakini yaliyomo ndani ya andiko lazima yatoke kwa wanachama wenyewe, na yatoke kwenye daftari lao.

Mikoko ya Singida

Niliwahi kuonyeshwa andiko la kikundi kimoja cha akina mama wanaolima alizeti. Limefungwa vizuri, jalada la rangi, kurasa zaidi ya 30. Ukurasa wa sita ulisema mradi "utapunguza ukataji wa mikoko na kuimarisha kipato cha wavuvi". Jamani, mikoko Singida? Tuna ziwa Singidani na ziwa Kindai, lakini mikoko ni mti wa pwani ya bahari. Yule mwandishi alichukua andiko la Rufiji au la Tanga, akabadilisha jina la kikundi, akasahau mikoko.

Akina mama wale hawakuwa na kosa la kutojua Kiingereza. Hasara yao ilikuwa kwamba hakuna hata mmoja aliyeweza kueleza andiko lao linaomba nini. Mfadhili makini huwa haishii kusoma karatasi. Anatuma mtu. Yule mtu anakaa chini ya mti na wanachama, anamuuliza mweka hazina: "Mashine hii mtaiendesha siku ngapi kwa mwaka?" Mweka hazina anamtazama katibu, katibu anamtazama mwenyekiti. Hapo andiko limekufa, hata kama kwenye karatasi lilipata alama zote.

Hesabu ya mashine ya kukamua

Hapa kwetu, maandiko ninayoombwa kuyapitia mengi yanaomba kitu kimoja: mashine ya kukamua alizeti. Tufanye hesabu pamoja, kwa mfano tu.

Kikundi kina wanachama 30, kila mmoja analima ekari 2. Jumla ekari 60. Tuseme kila ekari inatoa magunia 5. Jumla magunia 300. Gunia likiwa na kilo 65, mna kilo 19,500. Mashine ndogo inayokamua kilo 100 kwa saa, ikifanya kazi saa 8 kwa siku, itamaliza mzigo wenu wote kwa siku 25 hivi. Siku 25! Mwaka una siku 365. Siku zilizobaki mashine inakaa, mlinzi analipwa, mipira inakauka, na panya wanakula nyaya.

Je, ina maana msiombe mashine? Hapana. Ina maana mkiitaka, hesabu yenu iendelee. Ili mashine hiyo ifanye kazi hata siku 150 kwa mwaka inahitaji kilo 120,000, yaani magunia zaidi ya 1,800. Ninyi mna 300. Haya 1,500 yanatoka kwa nani? Vijiji gani jirani vinalima alizeti, vinavuna kiasi gani, kwa sasa vinakamulia wapi, na kwa nini waache kule waje kwenu? Eneo mlilochagua lina umeme wa fezi tatu, ambao mashine nyingi za kukamua zinauhitaji? Mashudu mtamuuzia nani? Mkijibu maswali hayo kwa namba, mmeshaandika sehemu ngumu kuliko zote za andiko. Mkishindwa kuyajibu, mmeokoa fedha za mfadhili na sifa yenu.

Na mara nyingi hesabu inaonyesha mahitaji mengine kabisa. Kikundi chenye magunia 300 huenda kinachohitaji ni maturubai ya kukaushia, mizani iliyokaguliwa, na mahali salama pa kuhifadhi ili wasiuze wote Juni wakati kila mtu anauza. Kama kusubiri kunaongeza hata shilingi 10,000 tu kwa gunia, hiyo ni milioni 3 kwa kikundi, bila mashine. Lakini muwe wakweli pia kuhusu hatari. Wote tunakumbuka mwaka 2023 bei ya alizeti ilivyoanguka, na waliohifadhi wakitegemea ipande walivyoumia. Andiko linalosema "bei itapanda" haliaminiki. Andiko linaloeleza mtafanya nini bei isipopanda linasomwa mara mbili.

Tatizo siyo kitu mnachokikosa

Fungua andiko lolote la kawaida, sehemu ya tatizo imeandikwa: "Tatizo la kikundi ni ukosefu wa mashine." Au "ukosefu wa elimu." Au "ukosefu wa mtaji." Ndugu yangu, hiyo ni suluhisho mmeligeuza mkaliita tatizo. Tatizo ni lile linalowatokea watu na mifugo na mashamba yao.

Chukua mfano wa kuku wa kienyeji, ambao Singida tunajulikana kwao nchi nzima. Kikundi kimoja kinaandika: "Wanachama wanakabiliwa na changamoto ya magonjwa ya kuku na ukosefu wa elimu ya ufugaji bora." Kingine kinaandika: "Mwezi Juni tulihesabu kuku 600 katika kaya 40 za wanachama. Oktoba tulihesabu tena, wamebaki 210. Tulioulizana, wengi walikufa kwa dalili za mdondo. Kaya 6 tu kati ya 40 zilichanja." Namba hizi nimezitunga ili mwone tofauti. Kikundi cha pili hakina Kiingereza kizuri zaidi. Kina daftari.

Na tazama, kikundi cha pili kimeshapata na kiashiria cha kupima mafanikio bila kuhangaika: kaya ngapi zinachanja, na kuku wangapi wamebaki Oktoba ijayo. Kwa kuwa chanjo ya mdondo hurudiwa kila baada ya miezi 3, kina na ratiba ya shughuli. Kimepata pia swali la uendelevu: mradi ukiisha, nani ananunua chanjo ya awamu inayofuata? Kama kila kaya ikichangia kidogo kwa kila kuku, inatosha? Sehemu zote za andiko zinatoka kwenye hesabu moja ya kuku. Ndiyo maana nasema anzeni kwenye daftari.

Kalenda ya mvua haimsubiri mfadhili

Singida tuna msimu mmoja wa mvua. Zinaanza Novemba au Desemba, zinakwisha Aprili hivi. Hatuna vuli na masika kama wenzetu wa Kilimanjaro. Ukipitwa na dirisha la kupanda, umepitwa mpaka mwaka unaofuata.

Sasa angalia maandiko yetu: "Mwezi wa kwanza: mafunzo. Mwezi wa pili: kugawa mbegu." Mwezi wa kwanza ni upi? Mfadhili akichelewa kutoa fedha mpaka Machi, mtagawa mbegu Aprili? Nimeona mbegu bora ikigawiwa wakati mvua zinaaga, na wakulima kwa busara yao wakaila au wakaiuza. Kwenye taarifa ikaandikwa kwamba mbegu zimegawiwa kwa asilimia mia moja. Ni kweli ziligawiwa.

Andikeni miezi kwa majina yake, na semeni wazi: "Fedha zikifika kabla ya Oktoba, tutaanza na mbegu. Zikifika baada ya Januari, tutaanza na mafunzo, ghala na maandalizi ya soko, na mbegu itanunuliwa kwa msimu unaofuata." Sentensi hizo mbili hazigharimu kitu. Zinamwonyesha msomaji aliyeko Dar es Salaam au ng'ambo kwamba anazungumza na watu wanaolijua shamba.

Bajeti inasema mnachokipenda

Mtu akitaka kujua kikundi kinajali nini, haendi kwenye malengo. Anaenda kwenye bajeti. Malengo yanasema "kuinua kipato cha mkulima," bajeti inasema semina, posho, semina, usafiri wa viongozi, fulana na kofia, halafu mwishoni kabisa mbegu. Msomaji haoni haja ya kuendelea.

Ushauri wangu ni kwamba kila mstari wa bajeti uwe na shughuli yake, na kila shughuli iwe na mstari wake. Msiandike "mbegu, jumla 2,000,000". Andikeni ekari ngapi, kilo ngapi kwa ekari, kilo moja bei gani, na bei hiyo mmeitoa duka gani tarehe ngapi. Chukueni bei kwenye maduka matatu, pembeni ya barabara kuu na mjini, na muwe na karatasi zake. Msizidishe bei mkitegemea mfadhili atapunguza. Anayejua bei ya mbegu akiona mmeweka mara mbili, anajiuliza na mengine mmeyazidisha mara ngapi.

Muweke na mchango wenu. Si lazima uwe fedha taslimu. Kiwanja cha ghala kilichotolewa na serikali ya kijiji chenye muhtasari wa mkutano, matofali mliyofyatua, mawe na mchanga, siku za kazi za wanachama, hisa zenu kwenye akiba. Vyote hivyo vina thamani, vihesabuni kwa bei ya kwenu. Mfuko wa ruzuku ndogo wa mazingira wa GEF, unaosimamiwa na UNDP na ambao umekuwepo Tanzania tangu 1997, unatazama sana mchango wa wenyeji. Hata asiyeutaka kwa maandishi, anautafuta kwa macho akifika kijijini.

Jueni mnayemwomba

Wengi wetu tunachanganya ruzuku na mkopo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya wanawake 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Mnajua serikali ilivyousitisha Aprili 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha matatizo ya vikundi hewa na marejesho, ukarejea mwaka 2024. Kwa mkopo ule hamwandiki hadithi ya umaskini. Mnaandika mpango wa biashara unaoonyesha rejesho litatoka wapi kila mwezi, na kama ni kilimo cha mvua, kwa nini rejesho lisubiri mavuno.

Ruzuku ni nyingine, na kila mfadhili ana mambo yake. Mfuko wa mazingira haununui trekta. Ubalozi unaojenga madarasa na zahanati haulipi mishahara ya asasi. Mkisoma tangazo mkaona lengo lao haligusi shida yenu, achaneni nalo. Kupinda shida yenu ili ifanane na tangazo ndiko kunakozaa miradi ambayo kijiji hakiitaki, halafu pampu inakufa na hakuna anayejali.

Kuna na suala la usajili. Kikundi cha kijamii kinachotambuliwa na halmashauri, chama cha ushirika kilichosajiliwa chini ya Sheria ya mwaka 2013, na shirika lisilo la kiserikali lililosajiliwa kwa Msajili chini ya Sheria Namba 24 ya mwaka 2002, ni vitu vitatu tofauti. Mashirika yana wajibu wake: taarifa ya mwaka, hesabu zilizokaguliwa, na usajili unaohuishwa kila baada ya miaka 10. Mkiwa hamjawasilisha taarifa ya mwaka jana, msianze kuandika andiko. Anzeni na taarifa. Mfadhili anaangalia hayo kabla ya ukurasa wa kwanza.

"Lakini sisi hatujasoma"

Najua mtaniambia: bwana shamba, wewe umepita chuo, sisi wa darasa la saba tutaandika nini? Nalijibu kwa heshima zote.

Kwanza, siyo kila mfadhili anataka Kiingereza. Foundation for Civil Society, iliyosajiliwa mwaka 2002, ni miongoni mwa waliokuwa wakipokea maombi kwa Kiswahili, na mfuko ule wa GEF nao unakubali lugha za wenyeji. Ulizeni kabla ya kulipa mtafsiri.

Pili, mwanachama aliyemaliza darasa la saba anayejua ameuza magunia mangapi, kwa nani na kwa bei gani, ana kitu ambacho mwenye shahada wa mjini hana. Yule wa mjini anaweza kupanga sentensi. Hawezi kuzitunga namba zenu, na akizitunga mtaumbuka siku ya ugeni.

Tatu, nakubali kuna maandiko yaliyo juu ya uwezo wetu. Fomu za wafadhili wakubwa zinataka wahasibu, wakaguzi na uzoefu wa kusimamia mamilioni mengi. Huko kumlipa mtaalamu siyo dhambi. Lakini kikundi ambacho hakijawahi kusimamia milioni 5 za watu kisiombe milioni 200. Ombeni kidogo, kitumieni vizuri, toeni taarifa kwa wakati hata kama hamjaulizwa. Taarifa nzuri ya mradi mdogo ndilo andiko lenye nguvu kuliko yote kwa mradi mkubwa. Na mkimlipa mtu, mlipeni kwa kazi aliyofanya. Asilimia ya ruzuku ni fedha ya mbegu na ghala, haimo kwenye bajeti, na mweka hazina atakayeitoa ndiye atakayeitwa kujieleza mkaguzi akija.

Kwa sisi maafisa, neno langu ni moja. Wenzangu wa ugani, tuwape wakulima takwimu za kata zao, tuwafundishe kupima ekari na kuhesabu mavuno, tupitie maandiko yao na kuyakosoa. Tusiyaandike kwa malipo ya pembeni. Hapo tunakuwa madalali wa watu tuliotumwa kuwahudumia.

Kikao kimoja cha kuanzia

Kabla hamjatafuta tangazo lolote, itisheni kikao kimoja. Chukueni daftari jipya na muandike haya:

1. Majina ya wanachama, jinsia, umri, na kila mmoja ana ekari au mifugo mingapi. Pimeni kwa hatua au kwa simu, msikadirie kwa macho.
2. Misimu miwili iliyopita: kila mmoja alivuna nini, akauza kiasi gani, mwezi gani, kwa bei gani, kwa kipimo gani. Gunia la lumbesa na gunia la kilo siyo kitu kimoja.
3. Jambo moja linalowaumiza wote, lielezwe kwa namba.
4. Mmeshajaribu nini wenyewe, na kiliishia wapi.
5. Mkisaidiwa mwaka mmoja tu, mwaka wa pili mtaendeshaje bila msaada.
6. Nani anatunza fedha, nani anasaini benki, na muhtasari wa vikao uko wapi.

Kama kuna kijana anayejua kuandika vizuri, awe yeye mwandishi. Mwisho wa kikao asome yote kwa sauti, na mama aliyekaa nyuma kabisa aulizwe: ni kweli? Akisema siyo, rekebisheni. Mpaka hapo hamjatumia hata shilingi elfu kumi.

Daftari hilo likijaa, ninyi mna andiko, hata kama halijachapwa. Tangazo likitoka, kazi itakayobaki ni kupanga mliyonayo kwa mpangilio wa fomu yao. Na kama hakuna mfadhili atakayewajibu mwaka huu, bado mtajua mlichovuna, mlichopoteza na mnachoweza kufanya wenyewe kabla ya mvua za Novemba. Vikundi vingine nimeviona vinafika hatua hiyo, vinagundua kwamba maturubai na mizani vinaweza kununuliwa kwa michango yao, vinaendelea na kazi.

Wenye maoni tofauti, hasa mnaoandika maandiko kwa kazi, karibuni tujadiliane. Wiki ijayo tutaangalia namna ya kukagua uotaji wa mbegu ya alizeti nyumbani kabla ya kuipeleka shambani. Kazi njema.